Muulize Bibi Mkono wa Birika

Bibi Mkono wa Birika hujibu barua za wasomaji akiwa jikoni kwake Dallas, Texas, kwenye meza ambayo mguu wake mmoja ni katoni ya dawa ya meno. Hajalipa bei kamili tangu akanyage Marekani, na hakuna anayeruhusiwa kulisahau hilo.

*Bibi, shikamoo. Huu ni mwaka wangu wa pili Dallas. Kila nikiingia duka la dawa kutafuta Panadol natoka na mfuko wa dola 40 na risiti ndefu yenye kuponi, ambazo nikizikumbuka zimeshapitwa na tarehe. Wenzangu wanasema wao wanapata vitu bure. Nakosea wapi?*
*Mlipa Bei Kamili*

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili nikikagua kama stempu ya bahasha imepigwa muhuri. Imepigwa. Tuendelee.

Kabla ya kuijua dawa, mjue tabibu. Mimi ni yule bibi aliyefika kaunta na shampuu 6, miswaki 9 na tarumbeta la plastiki (lilikuwa rafu ya punguzo, usiulize), keshia akanidai senti 31. Keshia akamwita meneja. Meneja akapiga hesabu kwa mashine, kisha kwa vidole, kisha akanitazama kama watu wanavyotazama mwezi ukipatwa. Picha yangu bado haijatundikwa dukani pale, lakini nafasi ukutani ipo. Nimeipima.

Kipaji hiki kina kwao, na kwao ni Tanga. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akienda sokoni Ngamiani na hasira ya kuazima. Akitajiwa bei ya samaki anashika kifua, anageuka, anapiga hatua saba, anaitwa. Saba, si sita. Ya sita muuzaji bado ana kiburi, ya nane ameshapata mteja mwingine. Nilipofika Marekani nikaijaribu elimu hiyo ndani ya duka la dawa. Nikataja nusu ya bei ya mafuta ya kujipaka, nikashika kifua, nikapiga hatua saba. Mlango ukafunguka wenyewe, nikajikuta kwenye maegesho ya magari. Hakuna aliyeniita.

Nilisimama pale jua la Texas likinikaanga, ndipo nikaelewa. Hapa bei haijadiliwi kwa mdomo, inajadiliwa kwa karatasi. Kuponi ndizo hatua saba za Mmarekani. Kiwanda kinajua kuwa wapo watu wenye haraka, watakaolipa kilichobandikwa rafuni bila neno. Na wapo wenye subira, wanaokata karatasi na kufungua programu ya duka kwenye simu, wakabonyeza kuponi moja moja kabla hawajavaa viatu. Wenye subira huuziwa kwa bei ya bibi yangu. Wenye haraka ndio nyinyi, mjukuu, na kwa niaba yetu sote nakushukuru, maana ndiwe unayetulipia.

Wala usidhani ni mambo ya juzi. Coca-Cola yenyewe ilianza kuuzwa ndani ya duka la dawa, Jacobs' Pharmacy la Atlanta, mwaka 1886, senti 5 kwa glasi, kazi ya mfamasia John Pemberton. Biashara ilipomfikia Asa Candler, naye mtu wa dawa vilevile, akagawa vikaratasi vya kumpa mwenye nacho glasi moja ya bure, na wengi huvihesabu kuwa ndio kuponi za mwanzo kabisa Marekani. Kwa hiyo duka la dawa na kuponi wamenyonya ziwa moja. Haya nilimsimulia keshia mmoja Ijumaa jioni, nyuma yangu kukiwa na watu 11. Walisikiliza wote. Hawakuwa na pa kwenda.

Uliuliza nini vile? Naam, vitu vya bure.

Kuponi zina makabila mawili. Ya kiwanda hutolewa na mwenye bidhaa, na duka hurudishiwa fedha yake na kiwanda. Ya duka hutoka mfukoni mwa duka lenyewe. Kwa kawaida kitu kimoja huweza kubeba moja ya kila kabila kwa mpigo, tena juu ya ofa ya wiki, ambayo maduka ya dawa ya CVS na Walgreens huianza Jumapili. Ofa, kuponi ya kiwanda, kuponi ya duka na zawadi ya kadi ya mteja wa duka vikikutana siku moja, dawa ya meno ya dola 4 hushuka mpaka senti, na hapo moyo wangu huhisi kitu ambacho wenzangu hukihisi harusini.

Kadi nayo usiiabudu. CVS wana ExtraCare yao tangu 2001, nayo hukurudishia asilimia 2 ya manunuzi mengi. Walgreens walipofumua mpango wao mwaka 2020 waliweka asilimia 1, na 5 kwa bidhaa zenye nembo yao wenyewe. Piga hesabu: ili asilimia 2 ikuletee dola 1, lazima kwanza utumie 50. Hiyo ni chenchi iliyochelewa njiani, tena chenchi yenye tarehe ya kufa, na dawa za cheti hailipii. Kadi hutolewa bure kwa sababu malipo yake ni habari zako. Duka linajua unanunua nini, lini, na mara ngapi. Langu linajua kwamba nina mba, jambo ambalo Mzee wangu hajalijua kwa miaka 34 ya ndoa.

Sasa sikia nikunong'oneze, na usimwambie mtu kuwa nimesema mimi, maana litaniharibia kazi. Fedha nyingi iko rafuni, nusu hatua tu kutoka mkono wako ulipo. Kwa jina la Panadol hutaipata katika maduka haya. Paracetamol Marekani huitwa acetaminophen, na jina la kibiashara walilolizoea ni Tylenol. Pembeni yake ipo chupa yenye nembo ya duka, mnyonge asiyetangazwa na mtu, mwenye dawa ileile kwa bei ya chini. Geuza chupa zote mbili, soma jedwali lililoandikwa Drug Facts, mstari wa kiambato chenyewe. Jina na miligramu zikilingana, umemaliza. Hakuna mkasi, hakuna kuponi, hakuna meneja wa kukupigia saluti, na ndiyo maana silipendi jambo hili: linafanya kazi kila siku lakini halina utukufu. Na ukiwa bado umeshika chupa, igeuze na ile ya dawa ya mafua, kwani mara nyingi acetaminophen imo humo pia, na mtu mzima hatakiwi kuvuka miligramu 4,000 kwa siku kwa jumla ya yote anayokunywa. Ini halirudishwi dukani hata ukiwa na risiti.

Tiba yako basi. Jumapili hii nenda umeshiba. Mchukue mtu mzima wa kilo zisizopungua 70, mpandishe ndani ya toroli, miguu ikining'inia nje. Nafasi iliyobaki ndiyo bajeti yako. Njia ya pipi ipite kinyumenyume, ili zikuone mgongo. Mimi humpandisha Mzee, na tangu tuanze mtindo huo tumeokoa fedha nyingi na amejua watu wengi.

Kuponi zilizopitwa na tarehe nazo usitupe. Soma maandishi madogo ya chini: nyingi husema thamani yake taslimu ni sehemu 1 ya 100 ya senti. Ni masalia ya sheria za baadhi ya majimbo, za enzi za stempu walizokuwa wakipewa wanunuzi ili wazibadilishe kwa zawadi. Maana yake kuponi 10,000 ni dola nzima. Nimeshafikisha 3,112, nimezitandika chini ya godoro. Mzee siku hizi anapanda kitandani kwa stuli.

*Bibi, mke wangu amejaza bafuni miswaki 140 na vidonge vya mzio vya "nunua kimoja upate cha pili bure". Hatuna mzio. Nioge wapi?*
*Mwenye Jasho, Louisville*

Mia na arobaini? Yeye peke yake? Alilipa kiasi gani kwa mswaki mmoja?

Siulizi kwa wivu. Mtu wa hadhi yangu hana wivu. Mwaka 2011 kituo cha televisheni cha TLC kilipoanza kurusha mfululizo wa Extreme Couponing, wanawake wakisukuma matoroli yaliyofuatana kama mabehewa ya treni, mimi sikuitwa. Nimewasamehe. Nawasamehe kila siku baada ya chai.

Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakumjua mkeo. Ila mwambie, kwa sauti ya chini na ukiwa karibu na mlango, kwamba mswaki hauozi, lakini kidonge kina tarehe. Na hicho cha pili cha bure kina mwenzake aliyelipiwa. Mkipata viwili msivyovihitaji mmetoa fedha kununua tatizo la kuhifadhi. Maneno hayo ni ya Mzee. Alipoyasema nilimnunia siku mbili, nikamnyima chapati, kisha nikaenda kukagua kabati nikakuta dawa ya kikohozi iliyokufa tangu mjukuu wangu wa kwanza hajaota meno. Sijamwambia.

Kama ni lazima alimbikize, alimbikize kwa kalenda. Pipi za Halloween hushushwa bei kuanzia tarehe 1 Novemba, na zikikaa siku chache zaidi hushuka tena. Sisi nyumbani Pasaka tunaila wiki moja baada ya wenzetu, na mayai ya chokoleti hayajawahi kulalamika. Waliopo Texas wakumbuke pia kwamba dawa za kaunta hazitozwi kodi ya mauzo, na tangu Septemba 2023 nepi na pedi nazo zimesamehewa, wakati shampuu hapa Dallas inapanda na asilimia 8.25 yake. Kodi hiyo ndiyo pekee iliyowahi kunishinda. Niliipigia hatua saba, haikuita.

Miswaki 100 ipelekeni kwa familia za Wakongo wanaofika Louisville kuanza maisha. Mtu aliyefika na begi moja anajua thamani ya mswaki. Mkeo anitumie nambari yake ya simu, kwa sababu za kitaaluma. Wewe oga kwa jirani, na usiende mikono mitupu. Mswaki unao.

*Bibi, dawa yangu ya shinikizo la damu nikitumia bima natozwa dola 25 kila mwezi. Shoga yangu hana bima na analipa pungufu kwa dawa hiyohiyo. Inawezekanaje?*
*Niliyeonewa, Houston*

Inawezekana, binti yangu, na ungeniuliza mapema ungekuwa umeshaninunulia zawadi.

Zamani mikataba fulani ilimziba mfamasia mdomo asikwambie kuwa fedha taslimu ingekuwa nafuu kuliko bima yako. Sheria mbili za serikali kuu za mwaka 2018 zikaipiga marufuku. Tangu hapo mfamasia ana ruhusa ya kusema, lakini halazimiki kukukimbilia maegeshoni. Lazima umuulize: "Bila bima ni kiasi gani?" Maneno matano. Mimi huyasema nikiwa nimevua miwani na kusogea kwenye kioo mpaka pumzi inaandika ukungu. Mfamasia wangu siku hizi hunitajia bei zote tatu nikiwa bado mlangoni, na nadhani amehamisha zamu kwa ajili yangu, ingawa mwenyewe anasema ni masomo ya watoto.

Ya tatu ni bei ya kuponi ya dawa za cheti, ndiyo, zipo. GoodRx wanazitoa tangu 2011: unaandika jina la dawa na mahali ulipo, inakuonyesha duka hili kiasi gani na lile kiasi gani, unaonyesha simu kaunta. Na kuna Cost Plus Drugs ya Mark Cuban, mtu wa Dallas kama mimi, iliyofunguliwa 2022: bei waliyonunulia, asilimia 15 juu yake, ada ya mfamasia na ya kusafirisha, basi. Ni wazo langu, ila yeye alikuwa na mtaji. Jambo moja tu la kuangalia: ukilipa nje ya bima, fedha hiyo kwa kawaida haihesabiwi kwenye kile kiwango unachotakiwa kujilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Mwenye matibabu mengi mwaka huu apige hesabu ya mwaka mzima, asitazame mwezi mmoja. Na muulize daktari kama dawa yako ina ndugu yake asiye na jina kubwa. Na kama huko shoga yako anakonunua wana pia…

Mhariri anasema nafasi imekwisha. Hana adabu, lakini anahesabu maneno kama mimi ninavyohesabu senti, kwa hiyo namheshimu.

Aliye Dallas na ana kuponi ya nepi ambayo haioni kazi, asiitupe kabla ya Jumamosi usiku. Nipo nyumbani kuanzia saa 12 jioni. Karibuni sana. Njooni mmeshakula.