Kila Tone na Mchawi Wake

Utani wa watu wa Landrova naujua wote, msijisumbue. Kwamba isipovuja ujue oili imekwisha. Kwamba haivuji, inaweka mipaka ya kiwanja chake. Nimeusikia msibani, nimeusikia kwenye foleni ya sheli, na juzi nimeusikia kwa mwanangu mwenyewe, ambaye ada yake inatoka kwenye mkoba uleule unaonunua oili. Wanaoucheka hawajawahi kusugua paving za mama mwenye nyumba kwa Omo na mchanga alfajiri ya Jumapili, kabla mwenyewe hajatoka kwenda kanisani.

Gari lenyewe ni Discovery ya zamani yenye injini ya 300Tdi: dizeli, silinda nne, lita mbili na nusu, turbo juu yake. Injini hizo zilianza kutoka mwaka 1994, na hapa Arusha bado unazisikia zikikohoa asubuhi. Sina ugomvi nayo. Inavuta, haili sana, na haina kompyuta ya kuniwashia taa nisizozielewa. Ugomvi wangu ni na binadamu. Gari likidondosha tone chini, kila anayepita anamjua mchawi, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia.

Jirani yangu, ambaye ana IST na hajawahi kumiliki turbo maishani mwake, alisema: "Turbo hiyo." Alisema akiwa ng'ambo ya uzio. Shemeji yangu akasema krenki sili ya nyuma, tushushe giaboksi. Mlinzi akasema ni oili ya bei rahisi. Nilipofika gereji, fundi alizunguka gari, akapiga teke tairi la mbele, sijui lilimkosea nini, kisha akaniuliza, "Mama, baba yupo? Nimweleze." Nikamwambia baba hana gari, mwenye gari ndiye huyu. Akatazama pembeni kidogo, kwa huruma, akasema, "Basi mama, hapo ni turbo."

Turbo inapendwa kusingiziwa kwa sababu mbili. Kwanza ni ghali, na fundi akikutajia kitu cha ghali anaonekana amesoma. Pili, ukifungua hozi ya hewa inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye ile rejeta ya kupozea hewa, utakuta oili. Fundi wangu aliifungua, akaingiza kidole, akanionyesha kidole hicho cheusi kama daktari anayenionyesha picha ya eksirei. "Unaona?" Naona. Ila oili kidogo mle ndani ni ya kawaida kwa injini ya namna hii. Injini lazima ipumue, na 300Tdi inapumulia kwenye kikopo kilicho juu ya tapeti kava. Mvuke wake wenye oili unarudishwa kwenye njia ya hewa, unapita kwenye turbo, unaacha utando. Utando si mauti. Ukikuta oili imejaa hadi inamwagika ukiinamisha hozi, hapo tuzungumze.

Na kama mtu anaishuku turbo kweli, kuna namna ya kuiuliza. Injini ikiwa imepoa, unatoa hozi ya upande wa hewa, unashika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo sana kulia na kushoto, hiyo ni nafasi ya oili. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza nyumba yake, imekwisha. Ni kazi ya dakika chache. Fundi wangu alikuwa tayari ameshapiga simu kuulizia bei.

Nikamwambia aishike shafti. Akaishika. Ikakaa imara. Akasema, "Sasa hivi imekaa, lakini barabarani inacheza."

Kitu kinachonichosha ni kwamba hata turbo inapotapika oili, mara nyingi kosa liko kwingine. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na shafti yake inaelea kwenye oili inayosukumwa kwa presha. Kutoka humo, oili hairudi kwa presha. Inashuka kwa uzito wake yenyewe, kwa bomba nene, hadi kwenye bloku. Sasa kile kikopo cha kupumulia kikiziba kwa tope la oili, presha inajaa ndani ya injini, na oili ya turbo inakosa pa kushukia. Itatokea kwenye turbo, kwenye kijiti cha kupimia, kwenye kila sili iliyochoka. Funga hapo turbo mpya ya kutoka kiwandani nayo itavuja, tena utakuwa umeilipia. Kukisafisha kikopo ni petroli kidogo na kibrashi. Hakuna fundi atakayejenga nyumba kwa kazi hiyo, na nadhani ndiyo maana sijawahi kusikia mmoja akianza nayo.

Hapa nisiwe mchoyo wa lawama: kuna siku turbo inastahili hofu. Sili zake zikifa kabisa, injini ya dizeli inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe kupitia njia ya hewa, ikapiga resi bila wewe kukanyaga chochote. Ukizima funguo haisikii, kwa kuwa funguo zinakata dizeli tu, nayo inakula oili. Dawa ni kuinyima hewa, na kusimama mbali. Kwa hiyo moshi wa bluu mzito sisemi upuuzwe. Mimi nilikuwa na tone, sikuwa na moshi.

Tuje kwa shemeji na krenki sili yake. Yeye angalau alichungulia, akaona oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Waliolibuni gari hili kule Solihull waliacha tundu chini ya ile nyumba ya klachi, lenye plagi unayoifunga ukitaka kuvuka mto na kuifungua ukishavuka. Siku nyingine zote tundu linabaki wazi ili oili ikivuja itoke, isiende kulowesha klachi. Yaani watu walikaa ofisini, wakiwa na tai shingoni, wakaitengea oili mlango wake kabla gari halijauzwa. Kuna tundu kama hilo mbele pia, chini ya kava la mkanda wa taiming, na hilo la mbele ndilo la kuogopa: oili ikitokea pale, kuna sili mbele imechoka, na mkanda uliolowa oili hauishi umri wake. Ukikatika, injini inafunguliwa.

La kwangu lilikuwa nyuma. Na la nyuma lina maswali mawili kabla ya kumshusha mtu giaboksi. La kwanza, ni oili gani? Paka kwenye karatasi nyeupe. Ya injini ya dizeli ni nyeusi tii, inachafuka siku chache tu baada ya servisi. Ya pawa steringi ni nyekundu. Ya difu na transfa ni nzito na inanuka yai viza. Dizeli yenyewe inanuka dizeli, pua yoyote iliyowahi kupanda basi inaijua. Ya kwangu ilikuwa nyeusi, basi ni ya injini. La pili, imetoka ndani ya tundu au imeteremka kwa nje? Hapo ndipo jamii nzima ya mafundi inaponikasirisha, kwa sababu swali hilo huwezi kulijibu kwenye injini chafu. Oili inateremka, feni na upepo wa barabarani vinaipeleka nyuma, vumbi letu linaigandia, na baada ya miezi kadhaa kila kitu kimelowa na kila kitu kina hatia.

Nikasema: tuioshe.

Kimya. Kijana wa spana akamtazama bosi wake. Bosi akasema kuosha ni kwa watu wa kuosha magari. Nikaenda kununua mafuta ya taa, brashi na kopo la poda ya mtoto. Muuza duka akanipa hongera.

Injini ikasuguliwa, ikakaushwa, ikapakwa poda kuanzia nyuma ya tapeti kava hadi chini kwenye nyumba ya klachi. Poda haina siri: inabaki nyeupe pakavu, inakuwa tope palipolowa. Kwenye gereji ile walikuja watu wa magari mengine kutazama. Mmoja akauliza kama tunaitahiri. Nikaendesha hadi Usa River na kurudi, kwa sababu injini isipopata moto na presha haikwambii kitu, kisha tukafungua boneti na kushika tochi. Kanuni hapo ni moja, tafuta palipolowa juu zaidi na mbele zaidi, maana oili haipandi mlima. Chini ya turbo: nyeupe. Kwenye pampu ya vakyumu ya breki, ambayo nayo ina tabia hizo: nyeupe. Nyuma ya tapeti kava, kwenye kona ambayo huioni mpaka ulale juu ya bodi: mstari mweusi mwembamba kama uzi, umeshuka ukutani kwa injini, umeufuata mdomo wa nyumba ya klachi, umefika kwenye tundu kwa nje na kujifanya umetoka ndani.

Gasketi ya tapeti kava. Karibu kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye injini ile.

Fundi aliinama akaangalia muda mrefu. Akasema ndivyo alivyokuwa akihisi tangu mwanzo. Kisha akaenda kuchukua silikoni ili aipake gasketi mpya kwa "usalama," nikamzuia na mwili wangu, kwa kuwa vipande vya silikoni vikidondoka ndani vinasafiri hadi kwenye chujio la sampu na kuiziba koo injini nzima. Tukafunga gasketi kavu. Tukasafisha kikopo, kikatoa tope la kahawia ambalo sitalieleza hapa, wengine mnasoma mkila. Boliti tukazikaza taratibu, maana anayekaza kwa hasira anapinda kava na kurudi palepale.

Paving ni kavu. Jirani bado anasema turbo. Na bili ninayo mkononi, nimeambiwa niilipe ikifika Ijumaa: gasketi moja, petroli nusu lita, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, UCHUNGUZI WA TURBO.