Shikamoo, Mzee wa Chini ya Meza

Malenga wa kale walisifu farasi, majahazi na watawala, na hakuna aliyewauliza kulikoni. Nami naomba ruhusa yao nimsifu aliye chini ya meza yangu: kompyuta ya kuhariria video ya kitengo chetu cha habari, mnara mweusi wenye prosesa ya Core i7 ya kizazi cha nne, kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2013, RAM ya GB 16, na diski inayozunguka kwa mlio wa mtu anayetafuna barafu. Tunamwita Mzee. Vijana wakirudi na kamera kutoka mikoani humwamkia yeye kwanza, shikamoo Mzee, ndipo wanisalimie mimi, kwa kuwa wanajua ni nani kati yetu atakayeamua kama watalala nyumbani.

Fadhila zake ndogondogo nitazitaja kwa kupita tu. Hutoa joto mchana kutwa, na Dar es Salaam, kama ijulikanavyo, ni mji wenye upungufu mkubwa wa joto. Feni yake ikishika kasi, umbea wa meza ya pili hausikiki. Mwizi hamtaki: atamwinua, atamtazama, atamrudisha mahali pake. Mjusi ametaga nyuma yake na mayai yameanguliwa salama salimini. Na tangu Microsoft walipositisha huduma kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikimkataa kwa uzee wa prosesa yake, hasumbuliwi tena na masasisho. Amestaafu akiwa kazini, neema ambayo watumishi wengi wanaiombea.

Lakini fadhila kuu, ambayo hizo nyingine ni vijakazi wake, ni kusubirisha.

Mtu asidhani Mzee husubirisha kwa uvivu. Mfadhili mmoja alitupatia kamera nzuri ya 4K. Kila picha ya kamera hiyo ina nukta milioni 8.3, na sekunde moja ina picha 25. Picha hizo hukunjwa na kubanwa kwa mtindo wa H.265, rangi zake kwa 4:2:2 ya biti 10, ili zienee kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kompyuta nyingi za siku hizi zina kiungo maalumu ndani ya prosesa kinachokunjua mzigo huo bila jasho. Mzee hakuumbwa na kiungo hicho. Yeye hukunjua kwa nguvu za mwili, picha moja moja, kwa uaminifu. Ukibonyeza video ichezwe, hutoa picha ya kwanza, hutafakari, kisha hutoa ya arobaini. Juu ya ukanda wa kuhariria pana mstari mwembamba: kijani maana yake kipande kimeshaandaliwa, nyekundu maana yake bado. Kwa Mzee nyekundu ndiyo rangi ya bendera.

Kisha anza kuekspoti. Atakuambia zimebaki dakika 12. Unakwenda kuchukua chai. Ukirudi zimebaki saa 2. Ukikaa ukimkodolea macho, ataona haya, atashuka hadi dakika 40, na hapo atatulia kwa muda unaozidi hizo dakika 40.

Ni katika utulivu huo tulipojenga jamii. Kikoba cha ofisi kiliasisiwa video ya Siku ya Wanawake ikiwa inaekspotiwa, na mweka hazina akachaguliwa kwa kura ya siri kabla haijafika nusu. Dereva wetu amejisomea QT hadi akafaulu, kazi yake ikiwa ni kusubiri flashi aipeleke kituo cha televisheni. Mpiga picha na binti wa masjala walianza mazungumzo asilimia 30. Ilipotimia 100 mshenga alikuwa ameshatajwa, na watoto wao, Mungu akiwajalia, itabidi wamwite Mzee babu. Nimewajua kwa majina wajukuu wa mama ntilie wa pale nje. Mkurugenzi mwenyewe alisimama siku moja nyuma ya kiti changu, mikono mfukoni, akisubiri hotuba yake itoke. Nikamkaribisha kiti. Tukazungumza habari za mihogo. Onyesheni kompyuta mpya iliyowahi kumkalisha mkurugenzi na mhariri wazungumze habari za mihogo! Subira inahubiriwa msikitini na kanisani. Mzee anaifundisha kwa vitendo, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi pia, bila malipo ya ziada.

Bila malipo ya ziada, naam. Na usiku. Na umeme ukikatika ekspoti ikiwa asilimia 94, betri ya UPS ikiwa imekufa siku nyingi, unaanza upya saa sita za usiku huku mlinzi akikuuliza kama una kwenu. Asubuhi simu inalia: "Wewe, ile video vipi? Kwani kuhariri ni kazi ya siku ngapi?" Kuhariri nilimaliza jana mchana! Kinachochelewa si mimi, ni chuma mlichokataa kukibadilisha, na masaa yanayokwenda ni ya kwangu, ya mke wangu, ya watoto wanaonikuta nimelala wakienda shule.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Sifa za Mzee hazitimii bila kuwasifu waliomlinda asiondolewe, nao ni wajumbe wa kamati inayoidhinisha manunuzi yetu. Ombi langu la kompyuta mpya lilizaliwa kwenye Mengineyo, mwishoni mwa kikao, watu wameshashika funguo za magari. Kikao kilichofuata likapandishwa cheo hadi Yatokanayo, na huko likapata makazi ya kudumu.

Sikuomba makubwa. Niliomba prosesa ya kawaida ya Intel, kwa kuwa kuanzia kizazi cha 11 zina kile kiungo cha kukunjua 4:2:2, RAM ya GB 64, na SSD ya kuaminika. Profoma ilikuja shilingi milioni 6. Kamati ikaona aibu. Taasisi ya hadhi yetu, kompyuta ya milioni 6?

Mjumbe wa TEHAMA akataka prosesa yenye viini 96, kama ile Threadripper Pro ambayo AMD waliitoa mwaka 2023. Mimi, niliyeitwa kama mwalikwa tu, nikaeleza kwa adabu kanuni ya Gene Amdahl ya mwaka 1967: ikiwa sehemu ya kumi ya kazi lazima ifanywe hatua kwa hatua, basi hata ukiwa na viini visivyo na idadi, kasi haitazidi mara kumi. Wakaandika: "Mwalikwa alitoa maelezo ya kitaalamu." Viini vikabaki 96. Mwingine akataka kadi ya grafiki ya bei ya juu kabisa, naye alikuwa akisoma orodha ya zamani. Kadi za GeForce za kabla ya RTX 50, zilizotoka mwaka 2025, hazikuwa na uwezo wa kukunjua picha za aina ya kamera yetu. Tungelipa mamilioni ili kadi ikae pembeni itazame prosesa ikifanya kazi.

Wa tatu alikuja na picha ya Mac Pro. Hapo kikao kilichangamka. Ile ya mwaka 2019 ilianzia dola 5,999, na kwa kuongeza dola 400 ulipewa magurudumu. Magurudumu hayo hayana breki. Wajumbe walitumia muda mrefu kujadili kama sakafu ya ghorofa yetu imelala sawa, na kama isipolala sawa nani atawajibika. Nikajaribu kusema kwamba Mac Pro ya mwaka 2023 ilianzia dola 6,999 na ilikuwa na chipu ileile ya M2 Ultra iliyokuwamo katika Mac Studio ya mwaka huohuo ya dola 3,999. Kwamba dola 3,000 za ziada zilikununulia nafasi za kuchomeka kadi, na kadi za grafiki hazifanyi kazi humo. Mjumbe akanijibu kwa upole, "Lakini ina heshima yake."

Hivyo ndivyo mchezo unavyochezwa, na nilichelewa kuuona. Hakuna anayekataa. Kila mmoja anaongeza. Huyu viini, yule kadi, huyu magurudumu, na kila anayeongeza anaonekana kuniunga mkono, hata nikamshukuru. Mwisho bei inavuka kiwango ambacho kamati inaruhusiwa kuidhinisha, faili linapanda juu, juu wanashangaa kompyuta gani hii ya bei ya gari, faili linashushwa na maandishi ya wino mwekundu: "Ipunguzwe." Wakati huo profoma imeshakwisha muda wake na dola imeshabadilika. Wanaitwa tena wajumbe.

Mhasibu yeye ana falsafa: vifaa vya kompyuta kila mwaka vinashuka bei, ya nini haraka? Hajawahi kumsikia Gordon Moore, aliyeandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi kwenye chipu inaongezeka maradufu kila mwaka, kisha mwaka 1975 akasahihisha kuwa kila miaka miwili. Lakini Moore hana mfuasi mwaminifu kuliko huyu mhasibu wetu. Basi tukasubiri. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ikapaa, kwa kuwa vituo vya data vya akili mnemba vinainunua kwa pupa, na mwezi Desemba kampuni ya Micron ikatangaza kuachana na chapa ya Crucial, ile waliyokuwa wakinunua watu wa kawaida, ili iwahudumie wateja wakubwa. Nikapeleka habari hizo kwa mhasibu. Akasema, basi tusubiri zishuke.

Nilifanya hesabu kwenye karatasi, Mzee akiwa kwenye nyekundu. Kompyuta ya milioni 6, ikitumika miaka 5, siku 250 za kazi kwa mwaka, ni shilingi 4,800 kwa siku. Sambusa za kikao kimoja cha kuijadili zinazidi hapo, maji ya chupa sijayagusa. Na posho? Posho ya mjumbe mmoja kwa kikao kimoja inalipia siku nyingi za kompyuta hiyo, na wajumbe ni saba. Mwaka 2011 Zitto Kabwe, akiwa mbunge, alitangaza kuikataa posho ya kikao. Hoja ilikuwa kwamba kukaa kikaoni ndiyo kazi yenyewe, na kazi ina mshahara. Nchi ikabishana kwa kelele, kisha ikarudi vikaoni.

Ndiyo maana siamini tena kwamba kamati yetu haiipendi kompyuta mpya. Inaipenda mno. Ikinunuliwa, ajenda imekufa. Isiponunuliwa, kila robo mwaka inazaa kikao, kikao kinazaa kamati ndogo ya kupitia bei, kamati ndogo inazaa safari ya kwenda kuona wenzetu wametumia mashine gani. Mzee, kwa kugoma kufa, anasomesha watoto wa watu.

Juzi wajumbe walilalamika kwamba mihtasari inachelewa. Wakaafikiana, bila profoma tatu, kwamba katibu wa kamati apatiwe laptop mpya. Ilifika wiki hiyohiyo. Nimeiona: Core Ultra, RAM GB 32, kadi ya grafiki yake yenyewe, ile RTX 50. Ingekunjua picha za kamera yetu kama mchezo. Katibu anaichapia kwa vidole viwili. Muhtasari wa kwanza ulitoka kabla wajumbe hawajamaliza kusaini posho, kurasa nne, chapa nzuri, na chini ya Yatokanayo, kipengele cha tatu, imeandikwa kwamba suala la kompyuta ya kuhariria video limeahirishwa hadi kikao kijacho, na kwamba mwalikwa aje na profoma mpya.