Barua ya Wazi kwa CAF: Leteni Sherehe, Mpira Mkae Nao

Kwa Shirikisho la Soka Barani Afrika,
Cairo.

Waheshimiwa,

KUH: OMBI LA SHEREHE YA KUPOKEA AFCON 2027 MJINI NYERI

Baada ya salamu nyingi kutoka Mlima Kenya, twaja kwenu na ombi moja. Kombe mlilolipa taifa letu Septemba 2023, pamoja na Uganda na Tanzania, tunajua litachezewa kwingine. Hatuna kinyongo. Mechi zina masharti mengi: taa, nyasi, vyoo vyenye maji. Sisi tunaomba sherehe ya makabidhiano tu, ile ya bendera, kwaya na hotuba.

Kwa makabidhiano, Nyeri si mgeni. Usiku wa kuamkia 6 Februari 1952, Elizabeth wa Uingereza alipanda mti pale hoteli ya Treetops akiwa binti mfalme, akashuka malkia bila mwenyewe kujua, na hakukuwa na kamati ya maandalizi. Desemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakaweka silaha chini uwanjani Ruring'u. Tangu hapo uwanja huohuo umekabidhiwa ahadi, makandarasi na ukarabati ulioanza ukakwama. Kwa kupokea, hauna mpinzani.

Sasa turuhusuni tuwaeleze mahali mlipokosea, kwa heshima zote. Mwaka 1996 AFCON ilikuwa yetu, ikaishia Afrika Kusini. Septemba 2017 mkatuvua uenyeji wa mashindano ya CHAN ya 2018, ikaenda Morocco, kwa kuwa viwanja havikuwa tayari, Kinoru ya Meru ikiwemo. Tarehe 1 Juni 2018, hata miezi tisa haijatimia, Kinoru hiyohiyo ilimpokea Rais Uhuru Kenyatta na taifa zima kwa Sikukuu ya Madaraka. Wakaguzi wenu walipima nyasi, wakasahau kutazama kalenda ya serikali. Mliahidi mpira. Mngeahidi hotuba!

Wang'uru, kule Kirinyaga, walipata uwanja wao kwa Sikukuu ya Mashujaa ya 2021. Embu wakaandaa Madaraka ya 2023. Huku kwetu viwanja havifuati msimu wa ligi. Vinafuata msafara wa rais. Nyeri nasi tulipewa Madaraka, ya 2017, ila ikafanyiwa Kabiru-ini, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Ng'ombe wa gredi walifaidika sana.

Na msidhani kushangilia makabidhiano tumekubuni sisi. Tarehe 24 Agosti 2008, Beijing ilipoikabidhi London bendera ya Olimpiki, Waingereza walijazana mbele ya skrini kubwa, London na hata miji ya mikoani, wakishangilia kitambaa. Siku hiyohiyo, alfajiri ya huku, Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikuwa ameshinda marathoni kwa saa 2:06:32, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mbio hizo za Olimpiki. Wiki moja kabla, Catherine Ndereba wetu wa Nyeri alikuwa amechukua fedha. Yaani mlima ulikuwa umemaliza kazi kabla Boris Johnson, meya wa London wakati huo, hajaipunga bendera. Mpaka leo kijana wa huku anayetaka kukimbia mbio ndefu huingia barabarani, akapishana na bodaboda.

Mkikubali, mambo yatakwenda hivi. Mtatangaza Jumatatu. Kufikia Alhamisi greda itakuwa Ruring'u, saa kumi na mbili asubuhi, dereva kajifunga shuka shingoni, na nyuma yake wanaume watano wamesimama wakimwelekeza pa kupita. Mawe ya kando ya barabara yatapakwa chokaa. Mashimo ambayo matatu zimeyakwepa miaka nenda miaka rudi yatazibwa usiku mmoja. Watoto wa shule watafanya mazoezi ya kwaya ya halaiki jua linawaka, jioni wapewe soda na nusu mkate. Jukwaa kuu litawekwa paa na zulia jekundu. Upande wetu wananchi msihangaike nao, kusimama tumezoea.

Masharti yetu ni mawili. La kwanza, msiseme mnakuja kukagua. Neno hilo huku halijawahi kumwaga hata toroli moja ya simiti. Semeni rais atahutubia, na kwamba itaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. La pili, mkishataja tarehe, iahirisheni. Mara ya kwanza tutakuwa tumepata nyasi. Ahirisheni tena, tupate vyoo. Mkiwa na moyo wa huruma, ahirisheni mara ya tatu kwa ajili ya taa.

Na siku yenyewe ikiwadia mkapatwa na dharura, msione haya kutokuja. Tumeshaongea na timu mbili za mtaani. Wana mpira wao.

Wenu katika kusubiri,
Shabiki wa Kusimama,
Nyeri.