Sifa za Tiyo Inayovuja

Watu wa Kanyaruchinya, simameni kwa heshima tuisifu tiyo ya maji inayovuja, mkarimu asiye na mpinzani kati ya Goma na Rutshuru.

Ukarimu wake kwanza. Kwenye robine utaulizwa jetoni, zamu, na kama jina lako limo kwenye orodha. Tiyo haiulizi. Mzaliwa wa hapa, mkimbizi, mwenye chukudu anayeshuka kutoka Kibumba, askari wa upande wowote ulioshika barabara mwaka huu: wote huinamia ufa uleule. Mbuzi hanyimwi. Kuku hahesabiwi mvamizi. Hata mawe ya volkano ya Nyiragongo, ambayo hayajawahi kuomba kitu, hunyweshwa usiku na mchana. Ukarimu ungeweza kuotesha lava, leo tungekuwa tunawauzia Bukavu mpunga.

Tena hutuliza vumbi. Tena ni nyenyekevu: mwamba wetu hauchimbiki kirahisi, basi hulala juujuu, malori yaifikie bila taabu. Na shimo la vana lililo jirani yake halina kifuniko, ili mpita njia wa usiku asikose pa kuingia.

Kipaji cha mwisho hakisifiwi hadharani. Maji yakikatwa, presha ikashuka, ufa ule hufyonza: tope, mkojo wa mbuzi, na kila kilichotoka vyooni na mvua. Maji yakirudi, tunayanywa hayo. Mama anajitwisha bidoni ya lita 20, anapanda nayo hadi nyumbani, kumbe amewabebea wanawe kipindupindu, na ufa wenyewe, kwenye kiungo kilicholegea nati, ni wa upana wa kidole, umefungwa kwa mpira wa baiskeli!

Tuliripoti kwa wahusika. Fundi yupo, wakasema, spana haipo. Spana ikapatikana, ikasubiri karatasi yenye muhuri. Mwaka 2021 lava ilipoharibu hifadhi ya maji, watu wapatao nusu milioni wakakosa maji, dunia nzima ilisikia. Mlima ukibomoa, huja mradi. Nati ikilegea, haji mtu. Bango la mradi limesimama wima, limepakwa rangi, na halivuji.

Kwa kuwa wakubwa hupenda kuzindua, basi tuwape nati wazindue. Utepe ufungwe kwenye tiyo, hotuba isomwe, kamera zikae tayari, mheshimiwa akabidhiwe spana. Tutapiga makofi hadi viganja viume, mradi asiondoke kabla ya kukaza.