Kila Mtu na Bisibisi Yake

Redio ikiharibika, watu hupita na shughuli zao. Pasi ikiungua, watakupa pole na kukuazima ya kwao. Lakini toa mashine ya kukatia majani, iweke chini ya mwembe, ifungue kifuniko, vuta kamba na isiwake. Kabla hujafuta jasho, jirani mstaafu amekwishafika, bodaboda amezima pikipiki yake, na mtoto aliyetumwa chumvi amesahau alichotumwa. Wote wanaujua ugonjwa. Taabu ni kwamba kila mmoja anaujua wa kwake.

Mashine ninayoisema ni ya mjomba wangu hapa Tanga: Victa ya zamani, injini ya tu-stroki. Aliachiwa na Mwaustralia mmoja aliyemaliza mkataba wake, na nadhani yule bwana alipanda ndege huku anacheka. Hata hivyo, Victa si jina dogo. Ya kwanza iliundwa mwaka 1952 na Mervyn Victor Richardson kwenye gereji ya nyumbani kwake, Concord, mjini Sydney. Tangi la mafuta alilolifunga lilikuwa kopo tupu la matunda ya pichi, na jina la mashine akalitoa kwenye jina lake la kati. Kwao zinaenziwa hasa. Hata kwenye sherehe za ufunguzi wa Olimpiki za Sydney mwaka 2000, mashine za kukatia majani zilisukumwa uwanjani kwa madaha. Siku na sisi tukiandaa zetu, naomba kwanja lisisahaulike.

Habari hiyo ya kopo ndiyo iliyomharibu mjomba. Tangu alipoisikia, hanunui kipuri. “Mwenye mashine mwenyewe alifunga kopo,” husema, “mimi nikatafute nini dukani?” Kabureta ya asili ilipokufa, akafunga ya pikipiki kuukuu. Gasketi ya kukaa kati ya kabureta na injini akaikata kwenye boksi la biskuti. Kamba ya kuwashia ilipochakaa, yeye aliyezeekea kwenye mashamba ya mkonge akasokota ya katani kwa mikono yake, akisema kamba hiyo imefunga meli, sembuse mashine ya majani. Aliivuta kwa nguvu zake zote. Ilikatika. Mjomba alikwenda kinyumenyume, akaketi kwenye beseni la nguo alizokuwa ameloweka mkaza mjomba.

“Na hizo meli,” mkaza mjomba aliuliza, “zilifika?”

Baada ya kufunga kamba ya nailoni (tuliyopewa bure, la sivyo asingekubali), mashine iliwaka kwa kusuasua. Ilikuwa inamisi, haina sailensa, ukiiachia, inazima. Hapo ndipo baraza lilipojaa.

“Shikamoo mzee,” nilimwamkia jirani mstaafu.

“Marahaba. Hiyo ni koili.” Alikuwa hajavuka geti.

Kwa haki, injini ya tu-stroki haina mambo mengi. Inataka moto wa plagi, mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Mgandamizo tuliupima kwa kuziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kuvuta kamba; kidole kikasukumwa. Moto hupimwa kwa kuirudisha plagi kwenye kofia yake, kuilaza igusane na chuma cha injini, halafu kuvuta na kuangalia cheche. Jirani mstaafu aliona huko ni kupoteza muda. Aliishika plagi mkononi, akamwambia bodaboda, “Vuta, kijana.” Bodaboda alivuta. Mzee aliruka, kofia ikabaki hewani peke yake, na alipotua akatangaza kwa sauti iliyopanda kidogo kwamba moto upo. Habari za koili hazikurudiwa tena.

Bodaboda naye alikuwa anaizunguka mashine akitafuta mahali pa kumimina oili. Si lawama kwake. Pikipiki anayoiendesha ni ya foro-stroki, ina oili yake chini. Tu-stroki haina akiba hiyo. Petroli na oili huingia pamoja, hupita kwanza chini ya pistoni na kulainisha vyuma, ndipo hupanda kuungua. Victa hizi kuukuu hunywa sehemu 25 za petroli kwa sehemu moja ya oili ya 2T, yaani mililita 40 kwa lita. Mjomba alipima kwa kijiko cha chai, vijiko vinane, kwa mkono mtulivu wa mganga. Alipogeuka kutafuta mfuniko, jirani mstaafu akaongeza ya kwake kutoka kwenye chupa. “Chuma hakijawahi kulalamika kwa kuzidishiwa oili,” alisema.

Chuma hakikulalamika. Mtaa ndio uliolalamika. Moshi mweupe ulitoka, ukajaza ua, ukavuka ukuta, ukaingia kwa jirani wa pili. Mama mmoja alitokea na sufuria mkononi, amejifunika pua kwa khanga.

“Mnapuliza dawa ya mbu bila kututangazia?”

“Samahani, mama,” mjomba alijibu bila kupepesa. “Funika chakula.”

Tukamwaga mchanganyiko ule, tukaweka mpya, tukasafisha plagi iliyokuwa nyeusi na kulowa. Ikabaki kabureta. Nayo ina skrubu ya hewa: unaikaza polepole mpaka iguse mwisho, bila kuilazimisha, unailegeza mzunguko mmoja na nusu, unaacha injini ipate joto, kisha unairekebisha kidogo kidogo mpaka mlio unyooke. Lakini hilo ni kwa skrubu yenye mwenyewe mmoja. Hii kila aliyefika aliizungusha robo, kulia au kushoto kulingana na imani yake, akampisha mwenzake.

Tulipoivuta tena, iliwaka, ikapandisha mlio wenyewe bila kuguswa, ikapiga yowe. Bahati njema visu tulikwishavifungua. Waya wa kuzimia ulikuwa miongoni mwa vipuri ambavyo mjomba hakuona haja navyo, na kofia ya plagi hakuna aliyethubutu kuishika. Tulimtazama mzee, mzee akatazama mwembe. Aliyeokoa ni mkaza mjomba. Alikuja na kitambaa cha jikoni kilicholowa, akakibana kwenye mdomo wa kabureta. Mashine ikakohoa, ikanyamaza.

“Inavuta hewa pembeni,” alisema. “Hilo boksi la biskuti limeoza.”

Tukaiwasha tena, safari hii yeye akiwa tayari na kitambaa chake. Tukadondosha oili kidogo kwenye kile kiungio. Mlio ukashuka papo hapo. Ndivyo ilivyokuwa. Karatasi ya boksi ilikuwa imelowa petroli na kumeguka, hewa inapita humo bila kupimwa, mafuta yanakuwa machache. Tungeiacha ilie hivyo, pistoni ingechemka na injini ingenoki. Gasketi ya dukani ilipatikana kwa bei isiyozidi ya soda. Mjomba aliilipia akiwa amefumba macho. Tangu siku hiyo mashine inawaka, sailensa imekaa, na ukoka umekatwa na kijana wa kwanja aliyepita asubuhi tukiwa tumekwama kwenye skrubu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukirithi tu-stroki kuukuu, anza na plagi, fuata mafuta, kisha kagua viungio vya kabureta kabla hujagusa skrubu yoyote. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Vua kofia ya plagi kabla hujaingiza mkono kwenye visu. Na kabla ya hayo yote, funga geti.