Jumatatu ya Aliyefungwa

Tarehe 6 Novemba 2023 iliangukia Jumatatu, siku mbaya kabisa ya kuwa mwajiriwa na shabiki wa Simba kwa wakati mmoja. Jioni ya jana yake Yanga walikuwa wameshinda 5-1 kwa Mkapa, na nusu ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kubaliana namna ya kusalimiana: mkono juu, vidole vitano vimetanuliwa, kimya. Siku kama hiyo dunia yote humsema aliyefungwa. Konda akidai mia tano, ametukana. Muuza chapati akiuliza ngapi, jibu ni nne au sita, hata kama nyumbani wako watano. Simu "imeisha chaji" tangu usiku, kundi la ukoo limezimwa sauti kwa sababu shemeji ni Yanga, na njia ya kwenda kazini inazungukia mtaa wa pili ili kukwepa kijiwe cha bodaboda. Kocha wa Simba, Robertinho, aliachishwa kazi siku iliyofuata, na ninathubutu kusema kwamba yeye ndiye aliyepata nafuu. Alikuwa na mkataba, na mkataba huvunjika.

Kwamba tunaumia sishangai. Kinachonishangaza ni kwamba hatuhami. Watu wa nchi hii huhama chama, huhama mtandao wa simu, huhama nyumba wakidaiwa kodi, lakini hakuna aliyeamka Jumatatu ile akaenda Jangwani, makao ya Yanga, kuomba kadi. Mwanasimba mwenye kadi ya CCM huvaa kijani na njano, rangi za Yanga, kwenye mkutano wa hadhara na kuapa kwamba hiyo ni siasa tu, kisha nguo hiyo hiyo haigusi siku ya mechi. Wanaohama ni wengine wote, wachezaji kwanza. Okwi alikwenda Yanga mwaka 2013 na mwaka uliofuata akarudi Simba. Niyonzima akatoka Yanga mwaka 2017. Mkude akatoka Simba mwaka 2023 na Chama akamfuata mwaka 2024. Hata Haji Manara, msemaji aliyeifanya kazi ya kuwachoma Yanga kuwa sanaa, alihamia Yanga mwaka 2021 na kuendelea na kazi ile ile akielekea upande wa pili. Aliyebaki palepale ni yule ambaye hajawahi kulipwa hata senti. (Mimi pia ni mmoja wa hao. Wa timu ipi sisemi, maana mhariri naye ana yake.)

Jibu la haraka ni makombe, na ni jibu linaloanguka lenyewe. Simba walitwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2021. Miaka hiyo Yanga walifikia kuchangishana fedha ili timu iende, na Wanasimba wakapata neno tamu kuliko magoli: bakuli. Kama makombe ndiyo yanayofunga watu, Jangwani pangebaki na mlinzi na paka. Badala yake watu walichanga, na nina hakika kwamba wengi walichanga kwa sababu ya neno hilo "bakuli" zaidi ya kwa sababu ya hotuba za viongozi. Kisha gurudumu likageuka, Yanga nao wakachukua mara nne, 2022 hadi 2025, na hakuna Mwanasimba aliyeonekana akivuka barabara. Jibu la pili, kwamba ni mapenzi tu, halifafanui kitu. Mapenzi ya kawaida huchoka, uliza mahakama.

Hoja yangu ni kwamba shabiki hashikiliwi na timu yake. Anayemshikilia ni shabiki wa timu ya pili, yule anayemcheka. Hili halikuanzia Kariakoo. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19 na leo ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo nao wana utani wao wa siku nyingi. Tazama mtani anafanya nini msibani. Ndugu wa marehemu wanalia, yeye anaingia akimwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa na alivyokuwa mgumu wa kulipa madeni. Anaweza kujilaza njiani, au hata kaburini, asinyanyuke mpaka apewe chochote. Anasema maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angepigwa. Na mfiwa, ambaye hajala tangu jana, anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Jirani mwenye huruma alimwambia "pole" mara arobaini na hakumsaidia kitu. Mtani amemrudisha miongoni mwa walio hai kwa kumtukana. Kufungwa kwa timu ni msiba usio na maiti, hivyo kazi ya mtani inabaki ile ile na chakula cha kupika hakuna. Anayekunyoshea vidole vitano anakuambia kwamba anajua wewe ni nani, kwamba anajua umeumia, na kwamba zamu yake ya kuchekwa inakuja. Nawe unaanza kuisubiri. Huwezi kuhama timu ukiwa na deni la kudai.

Na madeni haya hayana ukomo wa muda. Yanga waliwapiga Simba, enzi hizo wakiitwa Sunderland, mabao 5-0 mwaka 1968. Simba walijibu 6-0 mwaka 1977, Kibadeni akifunga matatu, na mpaka leo kijana ambaye hata baba yake hakuwa amezaliwa huitoa sita hiyo mfukoni kila akibanwa. Mwaka 2012 Simba wakaongeza 5-0, na ile 5-1 ya 2023 ikaja kulipa sehemu. Hata sare ina mwenyewe: tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0, mechi ikaisha 3-3, na matokeo ambayo kwenye jedwali yaligawa pointi moja kwa moja yaliuacha upande mmoja ukisherehekea na upande wa pili ukitafuta maji ya kunywa. Juu ya hayo weka fainali za Afrika. Simba walipoteza nyumbani mbele ya Stella Abidjan mwaka 1993 na wakalikosa kombe mbele ya Berkane mwaka 2025; Yanga waliikosa ya 2023 baada ya kushinda 1-0 ugenini Algiers, kwa sababu USM Alger walikuwa wamefunga mawili Dar. Kukosa kombe siku uliyoshinda! Mtani hahitaji kuongeza chumvi.

Mtu anaweza kusema kwamba muziki nao una mashabiki wakali, na huko hakuna wa kufungwa. Ni kweli, na ndiyo maana ushabiki wa muziki huyeyuka. Msondo na Sikinde walikuwa Simba na Yanga wa dansi tangu Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoundwa mwaka 1978 na kuwavuta wanamuziki kutoka JUWATA, ndiyo Msondo. Walipambanishwa ukumbi mmoja usiku mmoja, na asubuhi kila upande ulirudi nyumbani umeshinda. Bila bao hakuna aliyefungwa, na asiyefungwa hachekwi. Taarabu ilikaribia zaidi miaka ya 1990, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis akiwa Muungano, maana mpasho una jibu na shabiki huweza kwenda kutunza ili neno limfikie mbaya wake akiwa amekaa palepale. Vijana wa Bongo Fleva wameliona pengo hilo, ndiyo maana Timu Diamond na Timu Kiba huhesabu watazamaji wa YouTube. Wamejitengenezea magoli. Tatizo ni kwamba watazamaji huongezeka tu, hawapungui, kwa hiyo hakuna anayelala kapigwa. Muziki umebaki na aina moja tu ya kupoteza, nayo ni kifo. Muhidin Gurumo alipofariki Aprili 2014, waliolia walikuwa wa Msondo na wa Sikinde pamoja, kwa kuwa alikuwa ameziimbia zote mbili na Safari Sound pia. Hapakuwa na upande wa kucheka. Huzuni ikawa nzito, na haikuwa na mechi ya marudiano.

Pingamizi zito ni kwamba utani huumiza, na wapo waliopigana na kuachana kwa ajili ya mpira. Sikatai. Lakini mtani wa msibani ana mipaka: anamwigiza marehemu, hachomi nyumba, na zamu yake ya kuigizwa ikifika hakunji uso. Anayempiga mwenzake chupa hajatania, na kumwita shabiki ni kumpandisha cheo. Pingamizi la pili huja kutoka kwenye vibanda umiza: mbona Arsenal, iliyokaa zaidi ya miaka 20 baada ya 2004 bila kombe la ligi, haikupoteza watu Mbagala wala Kahama, wakati London hakuna anayewajua kuwacheka? Wa London hahitajiki. Kila ofisi nchini ina mtu wa Manchester United aliyejitolea kuifanya kazi hiyo bila posho, na tangu timu yake nayo iugue, kazi imekuwa ya kupokezana.

Penye shida ni Taifa Stars. Timu hii ilicheza fainali za Afrika mwaka 1980, ikasubiri miaka 39, ikarudi 2019, na bado mapenzi yetu kwake hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Viongozi hutulaumu kwa kukosa uzalendo, hasa tunapovaa jezi za Al Ahly inapocheza na watani wetu. Nadhani Stars imekosa mtani. Ikifungwa tunafungwa wote, na Jumatatu tunatazamana kwa upole, kila mtu anasema "pole", tunasahau. Juni 2019 kule Cairo tuliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, tukalala 3-2, na wiki hiyo, angalau mara hiyo moja, Wakenya walitusaidia sana mitandaoni kwa kutucheka. Fainali za 2027 zitachezwa Kenya, Uganda na kwetu, na tayari kamati zimeanza kuzungumza habari za udugu na umoja. Waheshimiwa wapunguze kidogo. Wakenya watutukane mapema, nasi tuwajibu, na nauli za mpakani ziwe nafuu ili aliyefungwa afikiwe kwa urahisi Jumatatu.