Mwongozo wa Kupoteza Fedha kwa Heshima

Njia za kufilisika hapa mjini ni nyingi, na karibu zote zina kelele: kamari, ndoa ya pili, bodaboda tatu ulizompa shemeji azisimamie. Mwongozo huu ni wa watu wa staha. Unahusu kumkopesha mtu unayemfahamu ili amalizie nyumba ya kupangisha, au anunue shamba alikate viwanja. Ukiufuata hatua kwa hatua, fedha zako zitaondoka taratibu na hakuna jirani atakayekusikia ukilalamika.

Hatua ya kwanza: Furahia kukumbukwa

Mwenye shida na fedha zako hatatamka neno mkopo. Mkopo ni mambo ya benki, na benki wana maswali. Yeye atasema: "Kaka, kuna fursa hapa, nikakukumbuka wewe kwanza." Usiulize ni wangapi wengine waliokumbukwa kwanza. Jumamosi atakupitia na gari akupeleke saiti, Madale, Goba au Kigamboni kule ndani. Utakuta msingi, nguzo zimesimama, na nondo zinachungulia juu zikiwa zimeota kutu. Kutu hiyo ndiyo taarifa ya fedha pekee utakayooneshwa siku hiyo. Inasema ujenzi ulisimama masika mbili zilizopita. Wewe usitazame juu, tazama tofali. Mwenyeji wako ataligonga moja kwa funguo za gari na kusema, "Sikia inavyolia, hii imeshiba saruji." Ligonge na wewe. Kisha kunywa soda uliyoagiziwa, kwa sababu ndiyo riba pekee yenye uhakika.

Hatua ya pili: Usishike kalamu

Utaahidiwa asilimia 10 kwa mwezi. Mtu mwenye kalamu angejiuliza jambo dogo: nyumba iliyogharimu milioni 60 ikipangishwa kwa laki 5 kwa mwezi huingiza milioni 6 kwa mwaka, yaani asilimia 10 kwa mwaka mzima, kabla ya kodi, kabla ya bomba kupasuka na kabla ya mpangaji kuhama usiku. Nyumba inazaa kwa mwaka kile ambacho mwenzako ameahidi kukulipa kila mwezi. Tofauti itatoka wapi?

Itatoka kwa anayekumbukwa kwanza baada yako. Tanzania tuliona mchezo huo mwaka 2009, upatu wa DECI ulipoanguka baada ya watu wengi kupanda fedha zao wakisubiri kuvuna. Hata wakopeshaji wadogo wenye leseni, wanaokopesha wageni na kubeba hatari zote, wamewekewa na Benki Kuu kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Rafiki anayekupa karibu mara tatu ya kiwango hicho ama ana moyo wa ajabu, ama hana mpango wa kulipa. Muungwana hawezi kumdhania mwenzake hilo la pili, kwa hiyo utachagua la kwanza.

Hatua ya tatu: Nunua kesho kwa bei ya leo

Kila fursa ya ardhi ina mradi mkubwa nyuma yake, na kila mradi una "soon". Mwaka 2013 mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo ulitiwa saini, na mwaka 2015 jiwe la msingi likawekwa. Madalali wakageuka wataalamu wa meli. Kiwanja chochote kati ya Bunju na Mto Wami kikawa "nyuma tu ya bandari". Kisha mradi ukasimamishwa. Meli hazikuja, ila waliokopa kununua viwanja waliendelea kulipa, maana riba haisubiri meli. Mkopeshaji makini angeuliza: mradi usipokuja, kiwanja hiki kitauzwa kwa nani, na kwa bei gani? Wewe uliza kama kuna eneo la kupaki magari.

Hatua ya nne: Usimuudhi kwa karatasi

Hapa ndipo penye moyo wa mwongozo huu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haitambui makubaliano ya kuhamisha ardhi yasiyo na maandishi. Mkataba wa namna hiyo ukiandikwa hulipiwa ushuru wa stempu, na usiolipiwa mahakama haiupokei kuwa ushahidi mpaka ulipiwe. Yote haya ni rahisi kufanya. Kinachoyashinda ni sentensi moja: "Kaka, hata mimi na wewe tuandikiane?"

Nayajua maumivu ya sentensi hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mwenzangu wa kazini milioni 4 amalizie kupaua fremu mbili. Nilipokohoa kidogo kuhusu maandishi, alichomoa daftari la mwanawe, la hesabu za darasa la tatu, akachana karatasi ya katikati. Akaandika: "Nimepokea kwa ndugu yangu fedha za bati, nitarejesha mambo yakikaa sawa." Akatia saini. Shahidi alikuwa mama wa genge, aliyetuwekea karatasi juu ya ndoo ya nyanya ili tupate pa kuandikia. Hapakuwa na kiasi, tarehe ya kulipa wala dhamana. Upande wa pili palikuwa na hesabu za kugawanya, na mtoto alikuwa amekosa tatu kati ya tano. Mpaka leo mambo hayajakaa sawa. Bati zimekaa sawa kabisa. Nikipita huwa naziona.

Hatua ya tano: Mwamini anayesema "ni yangu"

Nchini kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mtu binafsi anamiliki haki ya kuitumia, na hata hati ya mjini yenye muda mrefu kabisa haivuki miaka 99. Kwa hiyo mtu akisema "hii ni yangu", swali la haki ni: yako kwa karatasi gani? Kuna hati miliki, kuna leseni ya makazi ya miaka michache, na kuna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Ukizishika mkononi zote zina uzito sawa. Mahakamani hazilingani.

Hati unaweza kuipekua kwa Msajili wa Hati ukajua jina lililomo, na kama benki imekwisha kuishika. Usiende. Ukienda unaweza kukuta nyumba unayopewa dhamana ni ya urithi wa watu saba, na huyo rafiki yako ni wa nne. Pia usimuulize mkewe. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema hilo tangu zamani. Mama huyo utakutana naye siku ya kesi, akiwa na watoto wote wanne na cheti cha ndoa kilichowekewa lamineti.

Hatua ya sita: Subiri, usionekane una njaa

Kudai ni aibu kubwa kuliko kudaiwa. Mwezi wa kwanza atakuambia mafundi wamemwangusha. Wa tatu, kuna msiba. Wa nane atakusalimia kwa kukuita mzee, ingawa mmezaliwa mwaka mmoja. Mwaka wa pili yeye ndiye atakayekununia. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, ila hawakutaja kwamba mkopeshaji naye hukaa matanga, tena peke yake. Wewe vumilia. Kwa sheria zetu, madai ya mkataba yana muda wa miaka sita. Ukiipitisha kwa adabu bila kufungua shauri, bila yeye kukiri deni kwa maandishi wala kulipa hata senti, utakuwa umehitimu: mahakama haitakusikiliza tena.

Neno la mwisho, bila utani

Wapo wanaokopeshana vizuri, na nyumba nyingi za mji huu zilipauliwa kwa fedha za rafiki kabla benki haijamjua mwenye nyumba. Waliofanikiwa waliandika kiasi, tarehe, dhamana na kitakachotokea mkopaji akishindwa kulipa, kisha wakaendelea kualikana harusini. Na ukitaka kugeuza kukopesha kuwa biashara, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inakutaka uwe na leseni.

Mtu akikuambia kuandikiana ni kukosa imani, mkumbushe kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu deni. Inaagiza liandikwe, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na mashahidi waitwe. Haikuwatoa marafiki. Basi kabla hujatuma fedha, omba karatasi, na isiwe ya daftari la mtoto.